Usizibe Kitundu cha Pampu

Mazungumzo yetu leo yanahusu tone la maji. Ni lile linaloonekana asubuhi chini ya injini ya guta au pikipiki kubwa, kabla chombo hakijawashwa: la kijani, jekundu, au lenye rangi ya kutu, kutegemea kilichomo ndani ya rejeta. Ukilifuata kutoka chini kwenda juu utakuta linatoka kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji. Hapo ndipo ubishi wa gereji unapoanzia. Mmoja atasema pampu imetoboka. Mwingine atasema paka gundi ya chuma, kazi iishe. Wa tatu, ambaye anaijua kazi kuliko wenzake, atasema sili imekufa, ibadilishwe. Rai yangu leo ni kwamba hata huyu wa tatu amefika katikati ya safari tu. Sili ya pampu ya maji mara nyingi haifi kwa uzee. Huuawa, na muuaji huwa bado yumo ndani ya injini siku ile sili mpya inapofungwa.

Kwanza niwaondoe wasiohusika. Boxer, TVS HLX na karibu zote zinazobeba abiria vijiweni hupozwa kwa upepo; yale mapezi ya silinda ndiyo kila kitu, hakuna rejeta wala pampu ya maji. Mwenye chombo cha namna hiyo anaweza kunisikiliza kwa starehe tu. Wanaohusika ni wenye pikipiki zinazopozwa kwa maji, kama Bajaj Pulsar NS200, KTM Duke au Honda Africa Twin, na zaidi ya hao, kwa hesabu ya mizigo inayobebwa mijini kwetu, wenye zile pikipiki za magurudumu matatu kutoka China ambazo Tanzania tunaziita guta au toyo, zile za cc 200 na kuendelea zilizofungwa rejeta. Guta halifungiwi rejeta kwa mapambo. Linapanda mlima na mifuko ya saruji kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, na kwa mwendo huo upepo wa kupoza injini haupo.

Maji peke yake si lazima yalete sili. Alfred Angas Scott, fundi wa Yorkshire kule Uingereza, alianza kuuza pikipiki zilizopozwa kwa maji mwaka 1908, na hazikuwa na pampu. Maji ya moto yalipanda yenyewe kuelekea rejeta, yaliyopoa yakashuka kurudi kwenye silinda. Velocette LE ya mwaka 1948 ilifanya hivyo hivyo. Suzuki ilipoleta GT750 mwaka 1971, injini ilikuwa kubwa na ya moto, na maji yakasukumwa kwa pampu. Pampu ikaleta shafti, na shafti ikaleta tatizo ambalo Scott hakuwa nalo: tundu kwenye ukuta unaotenganisha maji na oili.

Upande mmoja wa shafti hiyo uko ndani ya injini, kwenye oili, ukizungushwa na giya. Upande wa pili umebeba feni ndogo iliyozama kwenye maji. Pale inapopita ukutani watengenezaji wameweka walinzi wawili. Upande wa oili kuna sili ya raba yenye mdomo na springi nyembamba, ya ukoo mmoja na zile za shokomzoba. Upande wa maji, kwenye injini nyingi, kuna kitu tofauti kabisa ingawa dukani vyote huitwa sili: pete mbili ngumu, moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zinazosukumwa na springi zikae uso kwa uso. Moja imetulia, nyingine inazunguka na shafti. Nyuso zake zimenyooshwa kiasi kwamba kasoro zake hupimwa kwa sehemu za elfu moja za milimita, zikikutana hung'ang'aniana kama vioo viwili vilivyolowa. Na hili naomba lisipite hivi hivi: kinacholainisha nyuso hizo ni maji yenyewe ya rejeta. Utando mwembamba sana wa maji huingia kati ya kaboni na kauri, na pete zinateleza juu yake. Maji yakiisha, au yakigeuka mvuke pale pale, pete zinasuguana zikiwa kavu, na kazi ya miaka inaharibika kwa safari moja.

Kati ya walinzi hao wawili pameachwa nafasi ndogo, na chini ya nafasi hiyo ndipo kilipotobolewa kitundu chetu. Hakikutokea kwa bahati mbaya, wala si kutu. Aliyebuni pampu alijua kwamba siku moja sili itashindwa, akaamua mapema kwamba itakaposhindwa maji yadondoke barabarani kuliko kuingia kwenye oili. Kwa hiyo kitundu kinatoa taarifa. Kikidondosha maji, sili ya maji ndiyo yenye kasoro. Kikitoa oili, ni ile ya oili. Kikitoa vyote viwili, shuku beringi na shafti kabla hujanunua chochote. Sasa anayekiziba kwa gundi amefanya nini? Maji yaliyovuka sili ya kwanza hayana tena pa kwenda. Yanajaa, yanaukandamiza mdomo wa sili ya oili, ambayo haikutengenezwa kuzuia presha ya kutoka upande huo, na mwisho yanapenya. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na oili ya namna hiyo hailindi beringi za injini wala giya. Gundi iliyookoa bei ya sili imemnunulia mteja ukarabati wa injini nzima.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Tone moja si hukumu. Sili mpya ya kaboni na kauri inaweza kutoa unyevu kidogo kabla nyuso hazijazoeana, na alama kavu pembeni mwa kitundu kwenye chombo ambacho kiwango cha maji hakishuki si sababu ya kufungua injini. Oili yenye maziwa nayo si lazima itoke kwenye pampu. Gasketi ya silinda hedi ikiungua huleta dalili hiyo hiyo. Ila hapo utaona mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, maji yanatapikwa kwenye chupa ya akiba, na ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa imeshapata moto. Fundi anayefungua pampu bila kutazama hayo atapoteza siku nzima, na gasketi mpya, kwa kosa la sehemu nyingine.

Turudi kwa muuaji. Mshukiwa wangu wa kwanza ni maji tunayojaza. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na Dodoma si siri kwamba maji ya ardhini ni magumu. Sufuria za chai na mitungi ya kuogea vinatoa ushahidi kila siku kwa ule ukoko mweupe. Magadi, chokaa na chumvi vikiingia kwenye rejeta havibaki vikiogelea. Pale kati ya kaboni na kauri ndipo penye joto la msuguano, na ndipo ule utando mwembamba unapokauka kwanza. Maji yanapotoweka, kilichoyeyuka ndani yake kinabaki: punje ngumu zinazokaa kwenye nyuso zilizonyooshwa kwa sehemu za elfu za milimita. Kauri inaweza kustahimili. Kaboni inachubuka. Upande mwingine, chumvi hiyo hiyo inakula aluminiamu ya mfuniko wa pampu na ya rejeta, na aluminiamu iliyoliwa hutoa unga mweupe ambao nao unazunguka na maji hadi ufike kwenye sili. Kuna kejeli hapa: guta linalozunguka mtaa likiuza maji ya kisima kwa madumu ndilo mara nyingi linalonywa maji hayo hayo, kwa sababu ndiyo yaliyo karibu.

Kulanti, kwa hiyo, isitazamwe kama kitu cha baridi kali tu. Ndani yake kuna glaikoli, ambayo kwa nchi za theluji huzuia maji yasigande, na kuna viambato vinavyozuia kutu na ukoko. Sisi tusio na theluji tunakihitaji hicho cha pili. Watengenezaji wenyewe hawakubaliani kuhusu viambato hivyo. Wajapani wamezoea fosfeti na kuepuka silikati, wakihofia uchakavu wa sili za pampu. Wengi wa Ulaya wameepuka fosfeti kwa sababu kwenye maji magumu huleta ukoko. Ukiusikiliza ubishi huo vizuri utaona pande zote mbili zinakubaliana kwamba kilichomo ndani ya maji ndicho kinachoamua sili itaishi muda gani.

Hapa najua kuna msikilizaji anayetikisa kichwa. Magari ya babu zetu, atasema, yale malori ya Bedford na Land Rover za zamani, yalijazwa maji ya mto na yakafika. Ni kweli yalifika. Lakini injini zile zilikuwa za chuma cha kalibu, kizito, chenye njia pana za maji na presha ndogo. Ukoko wa milimita moja haukuzizuia. Injini ya guta la leo ina aluminiamu nyembamba na rejeta yenye vijia ambavyo unga kidogo unaviziba. Na wala pampu za malori yale hazikuwa za milele, isipokuwa hakuna aliyeandika hesabu ya ngapi zilibadilishwa. Mwingine atasema kulanti nyingi za dukani ni maji yaliyotiwa rangi. Hilo nalikubali nusu: zipo. Rangi haithibitishi chochote, kwa kuwa hakuna sheria ya dunia inayosema kijani ni hiki na nyekundu ni kile. Lakini kuwepo kwa kulanti feki hakufanyi maji ya chumvi kuwa halisi. Kipimo cha glaikoli kipo, wenye magari makubwa wanacho, na gereji inayoheshimu kazi yake inaweza kununua kimoja. Pasipo kulanti kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, au maji yaliyochujwa kwa mvuke, ni afadhali mara nyingi kuliko ya kisima, ingawa hayana kinga ya kutu na yasiachwe humo kwa miezi. Na kwa kuwa nimeitaja glaikoli: ni sumu, tena tamu. Kulanti ya zamani isimwagwe pale kijiweni wanapopita watoto na mbuzi.

Mshukiwa wa pili hasemwi sana, naye ni mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko una springi inayoruhusu presha ndani ya mfumo ipande, kwa kawaida karibu baa 1.1 juu ya hewa ya nje, na presha hiyo ndiyo inayoyafanya maji yasichemke hadi yapite nyuzi 120 za Selsiasi. Springi ikilegea, maji yanachemka yakifika nyuzi 100, na kwa mtu wa Nairobi, mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, yanachemka karibu na nyuzi 94. Mvuke ukizalika unakusanyika kwenye pampu, na sili inakimbia kavu. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo inayosahauliwa. Dawa za kuzibia rejeta, na ndugu zake wa jikoni, pilipili manga na ute wa yai, nitazipitia haraka: zinaziba kila penye njia nyembamba, na ndani ya rejeta njia nyembamba ndizo zinazopoza.

Mshukiwa wa tatu ni shafti. Kuna injini ambazo upande wa maji hazina kaboni na kauri bali midomo ya raba inayolala moja kwa moja juu ya shafti. BMW F650GS ya silinda moja, iliyotoka mwaka 2000, ni mfano unaojulikana na wenye pikipiki za safari. Uchafu ukinasa kwenye mdomo wa raba, raba laini inakuwa kama imeshika msasa, na baada ya muda shafti ya chuma ndiyo inayochimbika mfereji. Ukifunga sili mpya juu ya mfereji huo itavuja mapema, haijalishi umenunua ya kampuni gani. Ndiyo maana kwa pikipiki hiyo kifurushi cha ukarabati huuzwa kikiwa na shafti na feni pamoja na sili; waliopanga kifurushi walishajua. Ukaguzi wake hauhitaji mashine: safisha shafti, pitisha ukucha kwa urefu wake pale mdomo ulipokuwa umekaa. Ukucha ukikwama, shafti imekwisha. Kisha ishike ncha yake uitikise. Ikicheza, beringi ndiyo inayoua sili kwa kuiyumbisha, na pete mbili zinazotakiwa kutazamana sawasawa haziwezi kufanya hivyo juu ya kitu kinachoyumba. Wapo wanaopiga shafti msasa hadi ing'ae. Inang'aa, ndiyo, ila imekuwa nyembamba na ina mikwaruzo mipya. Kama spea haipatikani, heri kumpelekea fundi wa kukereza aivalishe bushi au achonge mpya kwa chuma kisichoshika kutu.

Sasa pingamizi lenye uzito kuliko yote, ambalo silitaki kulikwepa. Mafundi wengi hubadilisha sili peke yake, na vyombo vinaondoka na havirudi. Je, hawa wanakosea? Hapana, si wote. Kaboni ni kitu kinachochakaa hata kwenye mfumo safi, na chombo kilichotunzwa kwa kulanti nzuri miaka kadhaa kinaweza kweli kuhitaji sili tu. Ninachodai ni kwamba fundi ajue hivyo kwa kutazama, si kwa kubahatisha. Shafti laini, beringi tulivu, maji yasiyo na kutu wala unga: funga sili, mteja aende. Tofauti ya muda kati ya kutazama na kutotazama ni dakika chache, kwa sababu kazi ngumu, yaani kumwaga oili na maji, kufungua mfuniko wa injini na kubandua gasketi ya zamani, tayari imeshafanyika. Kuifanya mara ya pili ndiyo gharama.

Hata sili sahihi inaweza kufia mkononi mwa anayeifunga. Nyuso za kaboni na kauri hazitaki kidole chenye grisi. Raba inayoshika pete ya kauri ilainishwe kwa kulanti au maji ya sabuni, kwa kuwa raba nyingi za upande wa maji huvimba zikiguswa na mafuta ya madini. Mwili wa sili usukumwe kwa kuubana ukingo wake wa nje, sawasawa pande zote, kwa soketi yenye kipimo chake. Nyundo inayopiga upande mmoja inaipinda sili kabla haijaonja maji. Halafu hewa. Maji yajazwe polepole, injini iwashwe mfuniko ukiwa wazi ikiwa bado ya baridi, chombo kitikiswe kushoto na kulia, skrubu ya kutolea hewa ifunguliwe kama ipo, hadi mapovu yaishe. Dakika za kwanza za sili mpya zikipita kwenye hewa badala ya maji, tumerudi tulipoanza. Mfuniko, ni lazima kusema, haufunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yale yako chini ya presha na yanaunguza uso.

Kwa nini basi mambo haya, ambayo si ya siri, hayafanyiki? Sidhani ni ujinga wa madereva. Tazama mpango wa hesabu. Katika makubaliano mengi dereva wa guta hupeleka kwa mwenye chombo kiasi kilichokubaliwa kwa siku. Mafuta na vikasoro vidogo vinatoka mfukoni mwake, injini ikifa ni mzigo wa tajiri. Kulanti inaangukia upande wa vikasoro vidogo. Dereva ananunua kwa pesa yake kitu kinacholinda mali ya mtu mwingine, na faida yake itaonekana pengine baada ya mwaka, wakati huenda chombo kimeshapewa dereva mwingine. Dumu la maji ya kisima liko pale pale, karibu na bure. Mtu yeyote mwenye akili angejaza maji. Ukitaka sili idumu, gharama ya kulanti na mfuniko ihamie kwa tajiri, kama ilivyo bima na leseni.

Matajiri watajibu kwamba dereva atakuja kudai kulanti kila wiki na kuiuza. Huenda. Lakini chupa ya akiba ina alama mbili, ya juu na ya chini, na mfumo mzima haupotezi cha maana kwa miezi. Anayedai kulanti kila wiki ama anaiuza, ama chombo kinavuja, na kwa vyovyote vile tajiri amepata sababu ya kuinama chini ya guta lake.